Mama Kola Ashona Tairi

Mtaani walimwita Mama Kola kwa ajili ya kola za mashati yake, zilizosimama wima hata mwenye shati akiwa amesinzia mkutanoni. Binti yake wa pekee, aliyekwisha kuolewa na kuhamia mbali, hakuitwa Kola, na mama mtu alishachoka kuwaeleza hivyo wateja wageni. Alikuwa fundi cherehani, na mikono yake ilisifiwa sana. Sifa hizo ndizo zilizomponza, lakini tusiharakishe.

Mumewe naye alikuwa fundi, ila wa baiskeli. Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na baraza ya nyumba yao. Mke akiinua macho kutoka kwenye cherehani alimwona mume amechuchumaa kati ya magurudumu. Mume akiinua macho alimwona mke ameinamia kitambaa. Jioni walisimuliana habari za mchana, ingawa kila mmoja alikuwa ameshaziona zote kwa macho yake. Walizoea hivyo, na Mama Kola hakuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kushukuru.

Basi mwanamke huyu, ambaye angeweza kuvuka barabara na kutengenezewa baiskeli yake kabla chai haijapoa, ndiye aliyeamua kujifunza kuitengeneza mwenyewe. Hata mke wa mwokaji hajafikia hatua ya kwenda kuomba mkate kwa jirani.

Mambo yalianzia mezani. Binamu wa mumewe alikuwa na duka kubwa la baiskeli katika mji mwingine, na alitaka mtu wa kusimamia mafundi wake. Jumamosi angepita na pikapu, kama jibu ni ndiyo, achukue mtu na vifaa vyake. Nyumbani mtu huyo angekuwa anarudi mwisho wa mwezi. Mume aliitoa habari hiyo akiitazama sahani, na alipomaliza akauliza, "Nikienda, wewe utaweza?"

Mtu mwingine angesikia swali. Mama Kola alisikia tusi.

"Kuweza nini? Kwani wewe ndiye unayenipumulia?"

"Nimeuliza tu, mke wangu."

"Nitaweza kila kitu. Hata ile baiskeli yangu iliyochanwa tairi na bati sokoni nitaitengeneza mwenyewe. Na usije ukaigusa!"

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti: "Makubwa haya!" Huyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, msusi, aliyekaa nao tangu alipofiwa na mume. Wifi hakuwa na redio na hakuihitaji.

Ukweli ni kwamba Mama Kola alitaka kusema "usiende." Neno hilo lilifika hadi kooni, likakutana na jeuri inatoka, na jeuri haijui kumpisha mtu. Binti alishahama. Mume naye akihama, nyumba ingebaki na yeye, cherehani na wifi, na ng'ambo ya barabara kibanda kilichofungwa. Alilijua hilo hata wakati anajibu. Akajibu vile vile.

Tangu jioni ile wakanuniana. Na kwa kuwa watu wawili wanaokaa nyumba moja hawawezi kukosa la kuambiana, wakamfanya wifi kuwa posta. "Wifi, mwambie kaka yako maji ya kuoga yako tayari." "Dada, mwambie wifi yako chumvi leo imezidi." Wifi alizifikisha salamu zote, mara nyingine akiziongezea kidogo, na mtu anayefikisha salamu umbali wa upana wa meza ana haki ya kujiburudisha.

Mama Kola akaipeleka baiskeli uani ili ng'ambo wasimwone. Hakutaka kwenda kununua chochote kwa mumewe, kwa hiyo alitembea mpaka mtaa wa tatu kununua gundi na viraka ambavyo mume alikuwa navyo kopo zima. Spana aliazima kwa jirani seremala, ambaye alifungua mdomo kuuliza, akamtazama usoni, akampa.

Gurudumu lenye taabu lilikuwa la nyuma, bila shaka. Lingekuwa la mbele hadithi hii ingekuwa fupi. Alipindua baiskeli, akaanza kufungua nati kwa kuikaza. Aliikaza kwa nguvu zake zote, akitoa jasho na kuilaani kutu, mpaka wifi, aliyekuja kumwaga maji ambayo hayakuhitaji kumwagwa, akasema, "Wifi, mimi si fundi, lakini hiyo si inazidi kuingia?"

"Naijaribu nguvu yake," alisema Mama Kola.

Tairi alilitoa kwa vijiko vya mezani. Viwili vilikunjika vikawa mfano wa masikio, na tangu hapo supu nyumbani kwake ilinywewa kwa uangalifu. Alipoipata tyubu akaiingiza kwenye beseni la maji, akaona viputo, akafurahi kana kwamba ameviumba yeye. Akakwaruza mahali penye tundu kwa tupa ya kucha ya wifi, akapaka gundi, akabandika kiraka. Kwa mazoea alifikiria kukunja pindo, akajizuia.

Kisha akaligeukia tairi lenyewe. Bati lilikuwa limelichana ubavuni, mchano wa urefu wa kidole, na Mama Kola alipouona mchano ule moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza siku ile. Kumbe ni kuchanika tu! Nati na minyororo hakuvijua, lakini kitu kilichochanika, kiwe pazia, kiwe suruali ya mwenyekiti, hicho alizaliwa nacho. Alichukua sindano nene ya magunia na uzi wa nailoni wa kushonea mikoba, akakaa kitako, akashona.

Ilikuwa kazi ya kupendeza, lazima tuseme kweli. Mishono ilikaa sawasawa, imekaribiana, imevutwa kwa nguvu moja. Na kwa kuwa nguo ya heshima haioneshi fundo lake kwa watu, mafundo yote aliyapeleka ndani. Hakuwaza mara mbili. Hakuwaza hata mara moja, kwani mikono yake ilikuwa imeficha mafundo maisha yake yote na haikuomba ruhusa. Aliporidhika aliliinua tairi juani akalizungusha, akajisifu moyoni, na moyo wake ukapokea sifa hizo bila kubisha.

"Umelishona au umelitarizi?" aliuliza wifi.

Kurudisha gurudumu kulimchukua muda mrefu kuliko gauni la harusi. Alifunga nati zote kabla ya kugundua kwamba mnyororo umebaki nje, unaning'inia, na pedali zinazunguka bure. Akafungua tena. Mwisho kulibaki kipete kimoja cha chuma ambacho hakikuonekana kuwa na kwao. Akakitazama, akajiambia kwamba baiskeli, kama gauni, huenda huja na kifungo cha akiba, akakitia kwenye kopo la vifungo.

Kesho yake akaipitisha baiskeli mbele ya nyumba kwa makusudi, amevaa vizuri kuliko safari ya sokoni inavyodai. Ng'ambo, mumewe alikuwa na wateja kibandani. Mama Kola akapanda, akanyoosha mgongo, akakata kuelekea kibanda ili apite karibu, karibu kabisa, akiwa ametazama mbele kama mtu asiyejua kuna kibanda hapo.

Alipofika usawa wa benchi la wateja, gurudumu la nyuma likatoa mlio. Halikupasuka kwa kishindo. Kishindo kina heshima yake, watu hukimbia kukusaidia. Hili lilitoa sauti nyembamba, ndefu, ya aibu, iliyomfuata hatua kwa hatua mpaka rimu ikaanza kugonga barabara, kwa-kwa-kwa, na wateja wote wakainamisha vichwa wakitafuta kitu cha kutazama chini.

Mumewe alinyanyuka. Alisimama nusu, mkono mmoja kwenye goti, akatazama gurudumu, akalitazama kwa muda. Kisha akaketi tena. Alikuwa ameambiwa asiguse.

Mama Kola alishuka kwa madaha. "Hamjambo?" aliwasalimu wateja wote, mmoja mmoja, akamruka mume, akaisukuma baiskeli kurudi nyumbani kana kwamba aliitoa ili aisukume. Alipofika uani akaketi juu ya beseni lililopinduliwa. Alitaka kulia, ila wifi alikuwa dirishani, na kulia mbele ya wifi ni kutangaza.

Akaitoa tyubu. Tundu jipya. Akaziba. Akafunga, na safari hii mnyororo aliukumbuka. Baiskeli ikafika kwa mteja wa kwanza wa kupelekewa shati, ikakataa kurudi. Akaziba. Asubuhi nyingine akaikuta imelala chini yenyewe, haijapandwa na mtu. Akailaumu gundi, akanunua nyingine. Akavilaumu viraka. Akailaumu barabara, halmashauri, uzito wake mwenyewe, na siku moja akaacha kula chapati ya pili, hatua ambayo haikulisaidia tairi na ilimharibia siku.

Kazi zake zikaanza kunuka gundi. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua shati akakuta alama ya kidole cheusi kifuani. Mama Kola akamwambia ni mtindo. Mwalimu alikuwa mpole, akaondoka nalo.

Jioni moja akakuta vitu vimewekwa kwenye dirisha la jikoni, vile vyuma bapa ambavyo mafundi hutolea tairi, vimefutwa vikang'aa. Damu ikampanda. Ananicheka! Ananitangazia kwamba nimeharibu vijiko! Akavifunga katika kitambaa, akampa wifi. "Mwambie kaka yako nashukuru, vijiko vyangu vinatosha."

Wifi hakuondoka mara moja. "Wifi yangu," alisema, na kwa mara hii sauti yake haikuwa na mzaha, "Jumamosi inakuja, na yule kaka yangu ameshaanza kupanga spana zake kwenye sanduku. Hizi salamu zenu mimi zimenichosha. Hamna nyingine?"

"Sina," alisema Mama Kola. Alikuwa nayo moja, ile ile ya mezani, lakini alisema hana.

Ijumaa mchana, kwa kukosa la kufanya zaidi ya kukasirika, akaitandaza tyubu juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa imejaa viraka. Aliitazama kwa macho ya kazi yake, si ya baiskeli, na jambo moja likamkera: viraka vile havikutawanyika. Vilikuwa vimejikusanya mahali pamoja, ubavu mmoja, vingine vimepandana. Nguo inayochakaa mahali pamoja ina sababu. Kwapa, kiti, kiwiko. Kitu fulani kinasugua.

Akalileta tairi, akalilaza kando ya tyubu kama mtu anayeoanisha mkono wa shati na bega, akalinganisha pale penye valvu, akafuata kwa kidole. Viraka vyote viliangukia kwenye mshono wake.

Akaingiza mkono ndani ya tairi. Na pale, chini ya kidole, akayakuta mafundo yake ya nailoni, magumu, yamekatwa mafupi kwa usafi, kila moja na ncha yake iliyosimama kama ndevu za jana. Amekuwa akimtengenezea tyubu kitanda cha misumari, na akijisifu kwa jinsi kilivyotandikwa.

Akacheka. Kwanza kidogo puani, kisha kwa nguvu, mpaka wifi barazani akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, akaja kuchungulia mlangoni. Mama Kola alikuwa peke yake na tairi, machozi yanamtoka. Ushonaji wote ule, cheti kwenye fremu ukutani, na ameshindwa na heshima ya fundo! Hakuna mtu atakayeona fundo la ndani ya tairi isipokuwa tyubu, na tyubu haialikwi harusini.

Akafumua mshono. Akashona upya, mafundo safari hii nje, ubavuni, yanaonekana na kila mpita njia kama meno. Ilimuuma, lakini alivumilia. Kisha akafikiri kidogo, akaenda kwenye kapu la mabaki, akachagua kipande cha ngozi laini kilichobaki kwenye mkoba wa mteja, akakikata, akakipunguza kingo, akakigandisha ndani juu ya mshono. Koti gumu linahitaji bitana ili lisimkwaruze mwenye koti. Hilo hakufundishwa na mtu wa baiskeli.

Akafunga gurudumu, akajaza upepo. Akasubiri. Akanywa chai yote, akiliangalia tairi kama mgonjwa. Halikushuka. Akazunguka nyumba, akazunguka mtaa wa nyuma kwenye mawe, akapanda na kushuka tuta makusudi. Halikushuka.

Ndipo akakata kwenda ng'ambo.

Kibanda hakikuwa na mteja. Sanduku la vifaa lilikuwa wazi, na nusu ya spana zilikuwa zimeshatoka ukutani, zimeacha alama za vumbi. Mumewe alikuwa akifuta moja kwa kitambaa, taratibu. Mama Kola akalizunguka benchi na baiskeli yake mara moja, akasimama mbele yake, mguu mmoja chini. Alikuwa ameandaa maneno ya majigambo, mazuri, ya kukumbukwa. Hakulipata hata moja.

Mume akainama. Akalibonyeza tairi kwa kidole gumba. Akapitisha kidole juu ya mshono, fundo baada ya fundo.

"Umeyatoa nje," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu chakula kile.

"Na ndani nimeweka bitana ya ngozi." Kisha ikamwingia akilini alichosikia. "Ulijua?"

"Nilijua siku ile ulipopita hapa. Niliuona mshono hauna fundo hata moja. Nikasema, basi yako ndani."

"Na ukakaa kimya! Nikaziba mpaka tyubu ikawa viraka vitupu! Nikaacha chapati!"

"Uliniambia nisiguse," alisema mume. Aliendelea kulitazama tairi. "Nikaweka vile vyuma dirishani, ukavirudisha. Halafu nikajiambia, kama baiskeli itamshinda, ataniletea. Na akiniletea, simwendei binamu. Kila jioni nilikuwa nasikiliza kama unavuka barabara."

Mama Kola alikumbuka alivyokuwa akipitia mtaa wa nyuma kwenda kununua gundi, ili asionekane amevuka.

Mume akasimama, akafuta mikono kwenye ovaroli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi ambayo hakutaka iishe. "Imekaa vizuri," alisema. "Hata mimi nisingeweka ngozi. Kwa kweli unaweza." Akageuka, akachukua spana nyingine kutoka ukutani.

Yote haya, alifikiri Mama Kola, vijiko, kopo la gundi, shati la mwalimu, aibu mbele ya benchi zima, yote ili nimthibitishie huyu mtu kwamba anaweza kuondoka. Na nimefaulu. Nimefaulu vizuri, kwa mishono iliyokaribiana. Alijiona mjinga kuliko alivyokuwa amewahi kujiona, na safari hii hakuweza kucheka.

"Rudisha hiyo spana," alisema.

Mume akageuka.

"Ndiyo, naweza." Akalionyesha tairi kwa kidole. "Umeona kwa macho yako. Pancha nitaziba, mnyororo nitafunga, maji nitateka, na usiku nitalala peke yangu na kutakucha. Naweza bila wewe, mume wangu. Ila sitaki."

Ng'ambo, barazani, kitana cha wifi kilikuwa kimesimama hewani. Mteja wake naye alikuwa amegeuza shingo kiasi cha kuhatarisha msuko.

Mume alibaki ameshika spana, anaitazama kana kwamba hajui ni ya namba ngapi.

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" aliuliza.

"Na wewe mbona uliniuliza kama nitaweza? Ungeniuliza kama nataka!"

"Niliogopa jibu," alisema mume.

Akaitundika spana ukutani, juu ya alama yake ya vumbi, akatoa simu mfukoni, akampigia binamu yake hapo hapo. Mama Kola alikaa juu ya baiskeli akisikiliza kila neno, mpaka alipomsikia akisema hapana, na akiisema tena, kwa sababu upande wa pili hawakuamini.